Wapweke Wanaokutana: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Nguchiro, Nyegere, Kanu na Wenzao

Maswali haya huulizwa na wafugaji wa kuku wa Chamwino na Bahi mkoani Dodoma, wanafunzi, madereva wa usiku wa barabara ya Singida, na wageni waliotoka kutembea pori la Swaga Swaga. Mengi yana kiini kimoja: tumefundishwa kwamba mnyama huyu huishi peke yake, mbona nimemwona na mwenzake? Simba na fisi madoa hawamo humu. Tunazungumzia wala nyama wadogo, wale wanaopita nyuma ya nyumba usiku na kuacha nyayo tu. Mahali ambapo utafiti ulifanyika nimepataja, kwa sababu mnyama wa jangwa la Kalahari, kusini mwa Afrika, hapigwi na baridi ileile wala hali chakula kilekile cha Ugogo, yaani Dodoma yetu.

Nimeona nguchiro wawili wakivuka barabara, mmoja nyuma ya mwingine. Si huwa wanatembea peke yao?

Inategemea ni nguchiro yupi, maana jina hilo moja tunalibebesha wanyama wengi.

Ukiona kundi la wanyama wa kahawia wenye mistari ya kupitana mgongoni, kumi, ishirini au zaidi, wakipekua ardhi huku wakipiga kelele, hao ni nguchiro miraba. Ukiona vidogo kama panya buku vikichungulia kwenye matundu ya kichuguu, hao ni kitafe, mdogo kuliko wote. Uzito wake hufika gramu 300 na kidogo tu. Aina hizi mbili huishi kwa jamaa maisha yao yote na wala hakuna anayeziita pweke.

Anayeleta ubishi ni nguchiro mwembamba. Huyu ni mwekundu au wa kijivujivu, mwili mrefu, ncha ya mkia nyeusi ambayo huinua anapokimbia. Hutembea mchana, kwa hiyo ndiye watu wengi humwona. Wa nne ni nguchiro mkia mweupe: mkubwa, kilo nne hivi, miguu mirefu, hutoka usiku tu. Hawa wawili vitabu vingi vimewaandika kuwa wapweke, na ni hao hao waliowafanya watafiti warudi kuangalia upya.

Basi wale wawili walikuwa mke na mume?

Pengine sivyo. Watu wengi hukimbilia jibu hilo kwa sababu ndivyo sisi tunavyoishi. Kwa wala nyama wadogo, dume na jike kuwa pamoja mara nyingi ni jambo la siku chache za kupandana, kisha kila mmoja hushika njia yake. Malezi yote humwangukia mama.

Ninapoletewa habari ya wanyama wawili, la kwanza ninalouliza ni kama ni mama na mtoto aliyekua. Mtoto wa nguchiro au nyegere hufikia umbo la mama muda mrefu kabla ya kuachana naye, na kwa macho ya mtu aliye ndani ya gari wote ni wakubwa. La pili, je, kulikuwa na chakula kingi mahali pamoja, kama mzoga, jalala au kumbikumbi? La tatu ndilo tamu zaidi: huenda ni madume mawili.

Madume mawili? Si wangepigana?

Ndivyo ilivyodhaniwa. Lakini Serengeti, ambako watafiti Jon Rood na Peter Waser waliwafuatilia nguchiro kwa miaka, ilionekana kwamba madume ya nguchiro mwembamba yanaweza kushirikiana eneo moja linalofunika maeneo ya majike kadhaa. Mwaka 1994 Waser na wenzake walichapisha habari za ushirika huo wa madume, kwa tahadhari kabisa, kwa sababu ulikuwa unapingana na sifa ya mnyama mwenyewe.

Utafiti mwingine, wa kusini mwa Kalahari, uliochapishwa mwaka 2019, ulizama zaidi. Nguchiro wembamba wa kule walionekana wamejipanga katika makundi ya eneo: dume mmoja hadi watatu, na majike hadi wanne. Maeneo ya madume ni makubwa na yanaingiliana. Ya majike ni madogo na kila mmoja ana lake zaidi. Mchana kila mnyama hutafuta chakula kivyake. Ikifika jioni, wengine huingia shimo moja kulala. Hadi asilimia 33 ya usiku walilala pamoja, hasa miezi ya baridi, na sababu inayoelekea zaidi ni kupeana joto. Mnyama mwembamba wa gramu mia chache hupoteza joto upesi, na usiku wa Kalahari katika majira ya baridi hushuka hadi baridi kali.

Vipimo vya vinasaba vilionyesha kwamba madume yenye undugu yalipojiunga yalipata faida ya uzazi, huenda kwa sababu wawili hulinda eneo na majike vizuri kuliko mmoja. Kwa hiyo wale uliowaona wakifuatana barabarani wanaweza kuwa ndugu wawili kwenye doria. Siwezi kuapa kwa hao wako, ila jibu hilo halichekeshi tena.

Huku Dodoma kuna baridi ya kuwafanya walale pamoja?

Anayeuliza hivi hajakaa Dodoma mwezi Julai. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na upepo wa alfajiri wa Juni na Julai unajulikana. Si baridi ya Kalahari, lakini ukitaka kuchunguza shimo au kichuguu kinachotumiwa na nguchiro, mimi ningeanza na miezi hiyo, mapema asubuhi, jua linapotoka. Wanyama hawa hupenda kuota jua kabla ya kuondoka, na hapo ndipo unapoweza kuhesabu wangapi wametoka tundu moja.

Kama kila mmoja hutafuta chakula kivyake, wanajuanaje?

Kwa harufu. Hapa binadamu tuna upofu mkubwa, ndiyo maana tumewaita wapweke kwa muda mrefu hivi: tulikuwa tunahesabu miili inayoonekana pamoja, ilhali mazungumzo yao yako ardhini.

Fungo ndiye mfano mzuri. Huenda haja kubwa mahali palepale tena na tena, hata rundo likawa kubwa, limejaa mbegu za matunda ya porini, maganda ya jongoo na mabaki ya wadudu. Mara nyingi rundo huwa kando ya njia, na fungo zaidi ya mmoja huweza kulitumia. Isitoshe ana tezi chini ya mkia inayotoa mafuta mazito ya harufu kali, ambayo huyapaka kwenye mawe, vigogo na mashina anapopita. Ni mafuta hayohayo ambayo Ethiopia imeyauza nje kwa karne nyingi kwa watengeneza manukato. Sisi tunanusa uvundo. Fungo mwenzake husoma ni nani amepita na amepita lini.

Kanu naye ana vyoo vyake, hupenda mahali pa juu kama miamba, na vilima vya mawe vya Dodoma vinamfaa kweli. Akitaka kuacha alama juu zaidi husimama kwa miguu ya mbele, kichwa chini, na kusugua sehemu za nyuma kwenye shina. Kitafe hufanya vivyo hivyo.

Kwa njia hii majirani wanaweza kuepukana miezi mizima wakiwa wanajuana vizuri. Wanapokutana ana kwa ana, kila mmoja tayari anajua anakutana na jirani au mgeni, na mgeni ndiye anayefukuzwa.

Majike ya nguchiro mkia mweupe nayo hushirikiana?

Hushirikiana eneo. Serengeti, Peter Waser na Mary Waser waligundua kwamba majike mengine yanaishi peke yao, lakini mengine yanakaa kwa ukoo, yaani mama, binti na watoto wao kwenye ardhi moja. Usiku kila mmoja hutafuta chakula peke yake, hawasaidiani kuwinda, wala hawatembei kwa msafara. Ila hakuna anayemfukuza mwenzake. Madume ya aina hii, tofauti na ya nguchiro mwembamba, hayapendi kuingiliana maeneo.

Kwa nini mama asimfukuze binti, kama chakula ni kidogo?

Kwa sababu chakula chenyewe si cha kugombania. Nguchiro mkia mweupe hula zaidi wadudu: mbawakavu wa mavi, mchwa, panzi. Mbawakavu waliokuwa kwenye kinyesi cha leo wakiliwa, kesho kuna kinyesi kingine na mbawakavu wengine. Waser alilieleza hili mwaka 1981: pale chakula kinapojirudisha haraka, kumvumilia mwenzako hakukugharimu kitu kikubwa, ilhali kumfukuza kunakugharimu nguvu na majeraha. Na kama huyo mwenzako ni binti yako, basi hata kile kidogo anachokula hakijaenda kwa mgeni.

Sasa tazama Ugogo ilivyo. Ng'ombe wapo kila mahali, kinyesi kipo kila mahali, na mvua zinapoanza mwishoni mwa mwaka mbawakavu hutoka kwa wingi. Mimi naamini malisho yetu ni mahali pazuri mno pa kuwatafuta majike ya ukoo mmoja, pengine kuliko hifadhini.

David Macdonald, mtafiti wa Uingereza, alipanua wazo la chakula mwaka 1983. Alisema chakula kikiwa kimetawanyika kwa mafungu na kila usiku fungu lenye neema ni tofauti, hata mnyama mmoja analazimika kushika eneo lenye mafungu mengi ili asilale njaa. Eneo hilo likishakuwa kubwa kiasi hicho, usiku mwingi linabaki na ziada ya kutosha mwingine. Kundi linazaliwa bila mtu kuhitaji msaada wa mtu. Mfano uliomkaa kila mtu akilini ni melesi wa Ulaya, ndugu wa nyegere, ambaye Hans Kruuk alimchunguza baada ya kumaliza kazi yake maarufu ya fisi wa Serengeti na Ngorongoro. Melesi hulala wengi kwenye mashimo mamoja makubwa, lakini kila mmoja hutoka peke yake kwenda kutafuta nyungunyungu.

Wasiwinde pamoja tu, kama mbwa mwitu?

Mbwa mwitu wanakimbiza swala. Mondo anasikiliza panya mmoja chini ya nyasi kwa masikio yale makubwa, kisha anaruka. Mwenzake akiwa karibu atamharibia: kishindo kimoja tu, panya ameingia shimoni. Na hata akimpata, panya mmoja hagawanyiki. Ndiyo maana mondo, paka pori, kanu na kicheche wanawinda peke yao na wataendelea hivyo.

Nguchiro miraba na kitafe wanaweza kuishi kwa kundi kwa sababu chakula chao ni wadudu, na kwa sababu hutembea mchana mahali palipo wazi huku mwewe na tai wakiwa juu. Macho mengi yanawafaa. Usiku, mnyama aliyejificha peke yake ni salama kuliko kundi lenye kelele.

Mmesema kitafe anaishi kwa jamaa. Wanasaidiana kwa kiasi gani?

Sana, kiasi kwamba hadithi yao ingeweza kujaza ukurasa mwingine. Kwa kawaida jozi moja kuu ndiyo inayozaa, wengine wanalinda watoto, wanawaletea wadudu, wanapokezana zamu ya ulinzi juu ya kichuguu. Rood aliona hata majike yasiyozaa yakitoa maziwa na kunyonyesha watoto wa jike mkuu. Katika nyika ya Taru, Kenya, mtafiti Anne Rasa alieleza mwaka 1983 jinsi ndege hondohondo wanavyowasubiri kitafe asubuhi kwenye kichuguu, wanatembea nao wakila panzi wanaorushwa, na kwa malipo wanapiga kelele mwewe akitokea. Hondohondo wakichelewa, kitafe nao huchelewa kuondoka.

Ninamtaja kwa sababu anaonyesha mwisho mwingine wa safari ambayo nguchiro mwembamba ameianza tu: kutoka kulala pamoja usiku wa baridi hadi kulea pamoja.

Nyegere huonekana wawili wawili. Na yeye ana undugu wa madume?

Kwa nyegere, wawili karibu kila mara ni mama na mtoto. Watafiti Colleen na Keith Begg waliwafuatilia katika hifadhi ya Kgalagadi, kwenye Kalahari hiyohiyo, miaka ya 1990 na kuona kwamba jike hulea mtoto mmoja kwa kawaida, na mtoto huyo hukaa na mama miezi 12 hadi 16. Huwa mkubwa kama mama, au akiwa dume hata kumzidi, na bado hajui kujichimbia nge. Watu wengi waliowaita mke na mume walikuwa wanamtazama kijana anayekataa kuhama nyumbani.

Madume wana mambo yao. Dume wa Kgalagadi huzunguka eneo la wastani wa kilomita za mraba 541, jike 126. Eneo la dume haliwezi kulindwa, ni kubwa mno, kwa hiyo madume wengi hupita palepale na kupangana kwa ubabe: wanapokutana wananusana, wananguruma, mdogo anajishusha. Wanatembelea vyoo vya harufu vilevile. Mara chache huonekana zaidi ya wawili pamoja, na mara nyingi chanzo ni jike aliye tayari kupandwa.

Ni kweli nyegere huongozwa na ndege kwenye asali?

Swali hili Tanzania ya kati ina haki ya kulijibu kuliko nchi nyingi. Ndege mlembe huwaongoza watu kwenye nyuki, hilo halina ubishi. Wahadzabe wa bonde la Eyasi, ambao baadhi yao wako Mkalama mkoani Singida, hufanya naye kazi hadi leo. Kuhusu nyegere, wanasayansi wengi walikuwa wameanza kuiona kama hadithi ya kupokezana, kwa sababu hapakuwa na ushahidi.

Mwaka 2023 kundi la watafiti lilichapisha matokeo ya kuwahoji warina asali karibu 400 katika nchi tisa za Afrika. Asilimia 80 walisema hawajawahi kuona ndege na nyegere wakishirikiana. Jamii tatu zilijitenga na wengine, na zote tatu ni za Tanzania, Wahadzabe wakiongoza: wengi wao walisema wameona. Si picha, ni ushuhuda. Lakini ni ushuhuda wa watu wanaokesha porini na pinde zao kimya, wakati gari la utafiti husikika kilomita moja mbali. Mimi nawaamini wazee wa Kihadzabe wa Yaeda kuliko ninavyoamini kimya cha wasioona.

Mbweha masikio na fisi mdogo wako kundi gani?

Katikati. Fisi mdogo si mtoto wa fisi, ni aina yake peke yake. Wote wawili hula mchwa kwa wingi. Fisi mdogo anaweza kumeza zaidi ya laki mbili kwa usiku mmoja. Fisi mdogo hutafuta chakula peke yake, lakini dume na jike hushika eneo moja, na watoto wakiwa shimoni dume hukaa nje akilinda bweha wasiingie, jike akiwa kazini. Mbweha masikio hulea hivyohivyo, tena kwa bidii zaidi: utafiti uliochapishwa 2006 ulionyesha kwamba muda anaokaa baba shimoni ndio unaotabiri vizuri zaidi wangapi watapona. Mama yuko nje akila mchwa ili apate maziwa. Mchwa hawabebeki mdomoni kuletewa mtu, kwa hiyo baba hawezi kuleta nyama. Anachoweza kutoa ni kukaa.

Paka wa soko la Majengo wanakaa kundi zima. Paka pori mbona hakai hivyo?

Paka wa nyumbani ni uzao wa paka pori wa Afrika na Mashariki ya Kati. Kaburi la kisiwa cha Kipro lenye mtu na paka lina miaka kama 9,500. Undani wake haujabadilika sana, kilichobadilika ni sahani. Palipo na utumbo wa samaki na mabaki ya hoteli kila siku mahali pamoja, majike ya ukoo mmoja hukaa pamoja na hunyonyeshana watoto. Ondoa jalala, wanatawanyika. Paka pori wa Kongwa anayetegemea panya shambani hana jalala, hivyo anaishi peke yake. Hatari yake kubwa ni kwamba anapandana na hawa wa mjini, na watoto wanaozaliwa si paka pori tena.

Nimeona nguchiro watatu karibu na banda. Wamejipanga kuja kuiba?

Hapana. Kila mmoja amekuja kwa njia yake, au ni mama na wanawe. Funga banda kabla ya giza, ziba matundu kwa wavu wa chuma, usiache mayai wala matumbo nje. Sumu usiweke: itaua mbwa wako na ndege wa jirani kwanza. Kuua au kukamata wanyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na kumfuga mtoto wa nguchiro aliyeokotwa pia kunahitaji kibali.

Kuna wakati urafiki wao ni dalili mbaya?

Ndiyo, na hapa sitaki utani. Nguchiro, bweha au nyegere anayekuja mwenyewe mchana kwa watu au mbwa, hana woga, anayumba au anauma ovyo, mchukulie kama ana kichaa cha mbwa. Usimguse. Akikuuma au kukukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo upate chanjo, hata kama kidonda ni kidogo. Toa taarifa pia kwa ofisa mifugo wa kata.

Nikiona wawili tena, niandike nini?

Saa, tarehe, mahali, na kama mvua ilikuwa imenyesha. Ukubwa wao ukilinganisha mmoja na mwingine. Nani alikuwa mbele, na kama walibadilishana. Walikuwa wanakula kitu kimoja au kila mmoja na chake? Walitokea shimo moja? Ukiwa na kamera ya kutega, ielekeze kwenye mlango wa shimo au kwenye rundo la kinyesi badala ya njia. Njiani utapata mkia ukipita, shimoni utapata nani analala na nani. Na ukiona ncha ya mkia nyeusi mbili zikiingia tundu moja mwezi Julai, andika hata kama picha haikutoka.